Darasa la Watu Wasiotaka Kushinda

Jioni ile Ragnhild Thøgersen alifika darasani na kikapu cha mishumaa, na kabla ya kusukuma mlango alijiapiza kwamba wakimharibia na hili, basi atakwenda kuufundisha ukuta. Ukuta angalau hauulizi kahawa itakuwa tayari saa ngapi.

Alikuwa mwalimu wa Kiingereza, mama anayekaribia miaka sitini, mwembamba, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusamehe. Sehemu kubwa ya maisha yake alifundisha vijana wa mji mkuu wetu, Copenhagen, ambao kazi yote ilikuwa kuwanyamazisha. Kisha mumewe Palle akastaafu, akataka kurudi kwao, Jutland magharibi, kwenye mji mdogo wenye upepo mwingi na maneno machache. Ragnhild akamfuata. Huko alipewa darasa la watu wazima, kila Jumanne jioni, katika shule ya zamani nyuma ya kanisa. Yeye aliamini kwamba lugha haiingii kichwani kwa kukaririshwa. Lugha huingia kwa mchezo, kwa kucheka, kwa kutupiana mpira na kuulizana maswali ya kipuuzi mpaka ulimi usahau kuogopa. Copenhagen michezo yake ilikuwa na sifa. Huku ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Mishumaa ilikuwa ya kufundishia matamshi. Watu wa kwetu wakikutana na w ya Kiingereza huigeuza v, na hakuna maelezo ya ubaoni yanayowaponya. Lakini mtu akiitamka w sawasawa, midomo yake hujikusanya kama ya mtu anayepuliza chai ya moto, na mshumaa ulio mbele yake huzimika. Akisema v, mshumaa unabaki ukiwaka. Ragnhild aliweka mshumaa mbele ya kila mtu, akaiwasha yote, akaeleza mchezo wenyewe, akakunja mikono kungoja.

Waliitazama mishumaa. Tove, mwenye duka la nyuzi za kufumia, aliinuka akaenda kuzima taa za dari.

"Tove, unafanya nini?"

"Si umewasha mishumaa? Taa za nini tena?"

"Jamani, hapa pamekaa vizuri," alisema Børge, dereva mstaafu wa basi la shule, huku akivuta kiti karibu na meza. "Nilete kahawa sasa, au tungoje kidogo?"

"Ni ya kuzima!" Ragnhild alipaaza sauti. "Mishumaa ni ya kuzima! Semeni neno, mpulize, izimike!"

Tove alimtazama kama mtu aliyeambiwa amtupe paka mtoni. "Tuizime? Na giza lote hili la Januari?"

Kahawa ikamiminwa. Mikate ya mdalasini ikazungushwa, na mazungumzo ya chini chini yakaanza, kwa lugha ya nyumbani, juu ya theluji na bei ya kuni. Mishumaa iliungua mpaka ikabaki vishina, na hakuna w hata moja iliyotoka kinywani mwa mtu. Wakati wa kuagana Børge alimpa Ragnhild mkono, akamwambia kwamba kipindi cha leo hakikuwa kibaya.

Hilo nalo lilimchoma. Si mbaya! Huku kwetu keki iliyomtoa mtu jasho mchana kutwa huambiwa si mbaya. Kijana akirudi na shahada ya udaktari, baba yake huwaambia majirani kwamba mambo yangeweza kuwa mabaya zaidi. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu wa huku hawangoji alitie, hawamsifu tangu mwanzo.

Na kama wasivyosifu, ndivyo wasivyotaka kusifiwa. Ragnhild aliwahi kuwagawa makundi mawili washindane kupanga sentensi, kundi litakalomaliza kwanza lipewe boksi la chokoleti. Aliona kwa macho yake Tove akiwa na sentensi iliyokamilika mbele yake, kisha akiivuruga kwa kidole kwa sababu kundi la pili lilikuwa bado. Kundi la pili nalo, lilipoona hivyo, likapunguza mwendo. Kengele ililia hakuna aliyemaliza. Walipigiana makofi, wakagawana chokoleti sawasawa, wakaenda nyumbani wameridhika. Ragnhild alibaki peke yake darasani, akaupiga ubao kwa mpira wake laini mara kadhaa.

Mchezo wa "umewahi" ulikufa siku hiyo hiyo ulipozaliwa. Ulikuwa mchezo wa kuzoesha watu wakati uliopita: mmoja anauliza, umewahi kufanya kadha, mwenzake anajibu kwa sentensi nzima na kuongeza kisa.

"Umewahi kufika London?" Børge alimuuliza Tove.

"La," alisema Tove.

"Umewahi kula konokono?"

"La."

Wakageuka wote wawili wakaitazama chupa ya kahawa.

Lakini aliyemnyima Ragnhild usingizi ni Kresten Agerbo. Huyu alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mjane, mkubwa wa mwili, mwenye mikono kama makoleo, na darasani alikuwa kimya kama maji mtungini. Wengine walikuja kwa sababu majira ya baridi ni marefu. Kresten alikuja kwa jambo. Aliwahi kumwambia Ragnhild mara moja tu, karibu na makoti, akiwa ameikodolea macho kofia yake mwenyewe.

"Binti yangu anaolewa Juni. Ditte. Anaolewa na Mwayalandi. Wakwe wote hawajui lugha yetu."

"Hongera! Na wewe utatoa hotuba ya baba."

"Ndilo hilo."

Kisha, kwa sentensi fupi fupi zilizotoka kwa taabu, alimweleza. Siku ya kipaimara cha Ditte, msichana akiwa na miaka kumi na minne, meza zimeandaliwa, wageni wamegonga glasi kumwita baba asimame, Kresten hakusimama. Maneno alikuwa nayo. Yalimkwama. Shemeji yake, mjomba wa Ditte, akainuka badala yake akasema vichekesho viwili vitatu, watu wakacheka, shughuli ikaendelea. Ditte hakulalamika, wala siku ile wala baadaye. Ila alipopiga simu kuleta habari ya arusi alisema neno moja tu: "Baba, safari hii utasema wewe, sivyo?"

Ragnhild alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na nia ya kumfanya mtu huyu aseme hata kama itabidi amning'inize miguu juu. Na tangu Septemba mpaka Machi alichokipata kwake kilikuwa mguno. Ukimtupia mpira anaudaka kwa adabu, anaurudisha kwa adabu. Ukimpa kioo atazame ulimi wake unavyokaa kati ya meno kwa ile th ambayo ninyi mnayo kwenye thelathini na sisi hatuna, anakitazama kioo, anakiweka chini. Ragnhild alianza kumchukia kidogo, kama mtu anavyoichukia mashine inayokataa kuwaka asubuhi ya safari.

Jumamosi moja alisimamisha gari kwenye kibanda cha viazi cha Kresten, kile cha kando ya barabara kisicho na muuzaji, ambako mtu huchukua viazi na kuacha pesa kwenye kopo. Akiwa amekumbatia mfuko wake alisikia sauti ya mwanamume ikitoka upande wa zizi, ikisema Kiingereza. Alidhani ni redio. Ilikuwa Kiingereza kizuri, cha taratibu, kila sauti mahali pake. Kisha redio ikasema, "Sogea, mama, unanikanyaga."

Ragnhild alinyata mpaka mlangoni. Kresten alikuwa ameinama, anavalisha mashine ya kukamulia kwenye chuchu za ng'ombe mwenye doa jeupe usoni.

"Umewahi kufika London?" alimuuliza ng'ombe kwa Kiingereza. Kisha akajibu mwenyewe kwa niaba yake, sauti akiwa ameibana kidogo: "Mimi sijawahi, lakini dada yangu amewahi, na hakupapenda."

"Kwa nini hakupapenda?"

"Kwa sababu majani yalikuwa ghali, na watu walisema mno."

Ile w ingezima mishumaa ya kanisa zima. Th ilikuwa th. Wakati uliopita ulikuwa umekaa ndani ya sentensi kama yai ndani ya kiota. Aliendelea hivyo ng'ombe kwa ng'ombe, michezo yote ya Ragnhild, ule wa umewahi, ule wa kukisia vitu, hata ule wa kusema sentensi moja kwa hasira halafu kwa furaha. Ng'ombe walitafuna. Ragnhild alisimama nje kwenye upepo, hajui alie kwa furaha au amtwange na mfuko wa viazi. Alirudi kwenye gari kimya kimya.

Angebaki na kimya hicho! Lakini furaha nayo ni mlevi. Jumanne alimuuliza Kresten swali mbele ya wenzake, Kresten akaguna kama kawaida yake, na Ragnhild akashindwa kujizuia.

"Kresten, acha! Jumamosi nimekusikia zizini, nimekusikia kwa masikio yangu! Jamani, huyu mnayemwona hapa anasema Kiingereza kuliko ninyi nyote mkijumlishwa. Ni mzuri ajabu! Ni mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha huku!"

Chumba kikapoa. Tove alianza kuokota makombo mezani.

"Aa," alisema Børge polepole. "Kumbe tulikuwa tumekaa na bwana mkubwa."

"Na ng'ombe nao watapewa vyeti?" aliuliza mwingine kutoka nyuma, na kicheko kidogo kikapita, si kikali, kicheko cha kawaida tu cha huku kwetu, ambacho kimewahi kuwahamisha watu mji.

Masikio ya Kresten yalikuwa mekundu. Alimaliza kahawa yake, akakisuuza kikombe, akakirudisha kabatini, akavaa kofia, akatoka. Jumanne iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

"Ulimsifu?" Palle aliuliza, baada ya kuelezwa mkasa wote. "Mbele ya watu?"

"Ndiyo."

"Kwa jina lake?"

"Sasa, Palle, nimsifu kwa jina la jirani?"

"Na Børge alikuwepo?" Palle aliliweka gazeti chini, jambo asilolifanya hovyo. "Ragnhild, mke wangu. Umemwaga mtama penye kuku wengi. Ungemtukana tu, ingekuwa afadhali."

"Lakini ni kweli! Anasema vizuri!"

"Ndiyo ubaya wenyewe. Uongo angeucheka."

Ragnhild alimpigia Kresten simu. Alijibiwa kwamba kuna kazi nyingi, ndama wanazaliwa.

"Na arusi?"

"Mjomba wake atasema."

"Mjomba yule yule?"

"Ana mazoea," alisema Kresten, akakata simu.

Jumanne baada ya simu hiyo Ragnhild hakuja na kikapu. Hakuwa na mpira, hakuwa na kadi, hakuwa na kioo. Alisimama mbele ya meza na koti lake mwilini akawaambia yote: kipaimara, glasi zilizogongwa, shemeji na vichekesho vyake, swali la Ditte kwenye simu.

"Msichana amengoja hotuba hiyo nusu ya maisha yake. Baba yake amejifunza majira yote ya baridi, peke yake, na ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hawamuulizi anajiona nani! Na mimi mjinga nimeharibu, na ninyi mkamalizia!"

"Hakutuambia," alisema Tove.

"Hamkumuuliza!"

"Mtu haulizwi mambo kama hayo," alisema Børge.

"Nitapasuka," alisema Ragnhild. "Haki ya Mungu, nitapasuka hapa hapa mbele yenu, na mtasema sikupasuka vibaya."

Børge alikuwa akikizungusha kikombe chake mezani. Nyumba yake ilipakana na shamba la Kresten. Kwa miaka mingi wawili hao walikuwa wakisalimiana kwa kuinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani.

"Huwa anakamua saa kumi na moja jioni," alisema mwishowe. "Jumanne ijayo tukutane kwake. Tove, keki."

Walikwenda wote. Waliingia zizini kwa mstari, wamevaa mabuti, Tove amebeba keki ya tabaka iliyofunikwa na mtu nyuma yake chupa za kahawa. Ragnhild alikuwa wa mwisho, kwa kuwa hakuelezwa chochote juu ya mpango wao. Kresten aliinua kichwa kutoka nyuma ya ng'ombe. Uso wake ulifungika kama lango.

"Tumesikia una ng'ombe wasomi," alisema Børge. "Tumekuja kuhakikisha. Mimi siamini."

"Nenda nyumbani, Børge."

Børge hakwenda nyumbani. Alijipanga mbele ya ng'ombe mwenye doa jeupe, akavua kofia, akamuuliza kwa Kiingereza kama amewahi kufika London. Lilikuwa jambo la kutisha. Kila w ilikuwa v, na wakati uliopita ulivunjika vipande vitatu. Ng'ombe aligeuza masikio.

"Hajibu," alisema Børge. "Nilijua." Akauliza tena, vibaya zaidi.

Mkono wa Kresten ulisimama juu ya mashine. Børge akauliza mara ya tatu, na safari hii hata Ragnhild alifumba macho. Mpaka leo hajui kama alifanya makusudi.

"Siyo hivyo, bwana!" Kresten alilipuka. "Midomo! Ikusanye midomo! Unamtemea mate mnyama wa watu!" Na akaisema sentensi yenyewe, nzima, safi, kwa hasira.

"Hivyo?" Børge akajaribu.

"Hata kidogo."

"Ngoja nijaribu mimi," alisema Tove, akamkabidhi Ragnhild keki. "Umewahi..."

"Nusu yake nzuri. Rudia."

Wakarudia. Wakazunguka zizi zima wakiwauliza ng'ombe maswali, Kresten akiwafuata nyuma na ndoo, akifoka, akiwasahihisha, akiwajibia ng'ombe wasiokuwa na majibu. Mchezo uliokufa darasani ulikuwa hai, umechafuka mabuti, unapiga kelele. Ragnhild alisimama katikati na keki mikononi, mwalimu asiye na la kufanya. Alikuwa na hasira nao wote, kwamba miaka yake yote ya ufundi ilikuwa inangoja ng'ombe, na wakati huo huo alikuwa na furaha tele.

Walipoondoka Børge alimwinulia Kresten kidole kimoja. "Kusema kweli," alisema, "nilitegemea makubwa zaidi."

Uso wa Kresten ulifunguka. "Jumanne ijayo mje mapema," alisema. "Na huyo Børge afanye mazoezi nyumbani."

Juni ilifika na upepo wake. Hema lilisimamishwa kwenye malisho ya Kresten, Wayalandi upande mmoja, sisi upande mwingine, na glasi zikagongwa. Kresten akainuka. Suti ilimbana mabegani. Hakuwa na karatasi. Mjomba mtu alikuwa amekwisha kukaa nusu nusu kwenye kiti chake, tayari kusaidia, na Børge, aliyekuwa ameketi karibu naye, alimwekea mkono begani akamkalisha.

Ragnhild aliikamata meza. Kisha Kresten akakusanya midomo.

"Mimi si msemaji," alisema kwa Kiingereza. "Ditte anajua. Siku ya kipaimara chake sikusimama. Nilikuwa na maneno, ila kwa lugha yetu hayatamkiki. Katika lugha yetu tunasema, si mbaya." Upande wetu, waliomwelewa waliangalia sahani. "Basi nimejifunza lugha ya watu wengine ili niyaseme. Ditte, nilijivunia wewe siku ile. Nimejivunia wewe kila siku baada ya ile. Wewe ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuwa navyo. Mama yako naye alisema hivyo, na mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikanyamaza."

Alimsifu mtu. Mbele ya watu, kwa jina lake, bila kupunguza. Hakuna aliyewahi kusikia kitu kama hicho katika mji ule, na wasioelewa Kiingereza walinong'onezwa na waliokielewa, na Tove alikuwa akimnong'oneza jirani yake huku machozi yakimwingia mdomoni. Ditte hakungoja hurraa, zile kelele za shangwe zinazofunga hotuba huku kwetu. Alikuwa amekwisha kuzunguka meza, na gauni lake lote, ameweka uso kwenye shati la baba yake.

Hurraa zilipopigwa, tatu fupi na moja ndefu, Kresten aliondoka mezani kwenda kupunga hewa, akapita nyuma ya kiti cha Ragnhild, akasimama hapo akiitazama kamba ya hema.

"Zile w," alisema.

Ragnhild alikuwa na sifa za Copenhagen nzima zimejaa kinywani. Mfano ulikuwa umekwisha kutolewa, mlango umefunguliwa, angeweza kuzimwaga zote. Akamtazama yule mtu mkubwa, masikio mekundu, ambaye alikwisha kutumia ujasiri wote aliokuwa nao kwa mtu mmoja.

"Hazikuwa mbaya," alisema.

Kresten aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyelipwa haki yake. Alitoka nyuma ya hema, upande wa ng'ombe, akakaa huko muda mrefu, na Ragnhild akawazuia watu wasimfuate mpaka alipomtuma Børge na kahawa.